Jiko lililorudi barabarani: London na chakula chake cha mitaani

Mwaka 2013 kibanda cha Tubby Isaacs pale Aldgate, mashariki mwa London, kilifungwa baada ya miaka 94. Kiliuza samaki aina ya mkunga, aliyechemshwa akaachwa apoe hadi mchuzi wake ugande, pamoja na kome na konokono wa baharini wa kutiwa siki. Kilianzishwa mwaka 1919, kikavuka mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia na miaka ya mgao wa chakula, kikaja kufa wakati ambapo chakula cha barabarani kilikuwa gumzo la jiji zima. Magazeti ya wakati huo yalijaa habari za baga, piza na nyama choma zilizouzwa kwenye magari na viwanja vya maegesho. Anayetaka kuelewa ilikuwaje inambidi arudi nyuma sana, maana historia hii husimuliwa mno kana kwamba ilianza juzi.

Katika karne ya 19 watu wa London walikula barabarani kwa kulazimika. Familia nyingi za vibarua zilibanana katika chumba kimoja, hazina jiko la maana, na makaa ni ghali. Henry Mayhew, mwandishi aliyewahoji wachuuzi mtaa kwa mtaa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1851, alikuta wakiuza supu ya njegere, mikunga ya moto, kwato za kondoo, pai, samaki wa kukaanga na viazi vya kuoka. Viazi viliwekwa ndani ya chombo cha bati kilichopashwa kwa maji ya moto ili visipoe, na usiku wa baridi mnunuzi alikifumbata kwanza kiazi chake, apate joto mikononi, ndipo akile. Lakini chaza ndio waliotia fora. Mayhew alikadiria kwamba wachuuzi wa barabarani waliuza chaza milioni 124 kwa mwaka, na walaji wakubwa walikuwa maskini.

Chaza hao wana kisa chao. Walivuliwa kupita kiasi, maji taka ya miji yakaingia katika maeneo yao, na mwaka 1902 wageni waliohudhuria karamu mbili kusini mwa Uingereza, moja Winchester na nyingine Southampton, waliugua homa ya matumbo kwa sababu ya chaza kutoka pwani ya Emsworth. Baadhi yao walifariki. Chaza wakaadimika, bei ikapaa, na kitoweo cha mlalahoi kikahamia kwenye meza zenye vitambaa vyeupe. Hivyo chakula cha London kimewahi kubadili tabaka la walaji, na hakikusubiri karne ya 21.

Na wapishi wake hawakuwa wenyeji peke yao. Desturi ya kukaanga samaki aliyevingirishwa unga ililetwa na Wayahudi waliotoka Hispania na Ureno. Joseph Malin, mhamiaji wa Kiyahudi wa mashariki mwa London, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyefungua duka la kwanza la samaki na chipsi jijini, mnamo miaka ya 1860. Karne moja baadaye watu wa Karibi waliweka majiko ya mapipa yaliyopasuliwa katikati kwenye karnivali ya Notting Hill, ambayo huhesabu mwanzo wake mwaka 1966, wakachoma kuku wa viungo vikali mbele ya umati. Hakuna aliyewaita wapishi mahiri wa barabarani. Naliona hilo kuwa dhuluma ambayo waandishi wa vyakula hawajailipa bado.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 chakula cha barabarani kilikuwa na sifa mbaya: soseji za mikokoteni, baga za kijivu nje ya viwanja vya mpira, kebabu za usiku wa manane baada ya baa kufungwa. Kilichobadili mambo kwanza ni hofu. Ugonjwa wa ng'ombe vichaa ulifanya nyama ya ng'ombe ya Uingereza ipigwe marufuku na Umoja wa Ulaya mwaka 1996, na watu wakaanza kuuliza nyama yao imetoka shamba gani. Miaka miwili baadaye Borough Market, soko la jumla la matunda na mboga karibu na London Bridge lililokuwa limedorora, lilipokea maonyesho ya wazalishaji wa vyakula yaliyoandaliwa na mwandishi Henrietta Green. Wazalishaji walirudi, soko la rejareja likazaliwa. Brindisa, waagizaji wa vyakula vya Hispania, wakawa wanachoma soseji za pilipili nyekundu na kuzitia ndani ya mkate, na foleni yao ikawa kivutio chenyewe. Mteja alikula amesimama, lakini alijua anakula nini.

Kisha ukaja mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008. Kufungua mkahawa katikati ya London kulitaka kodi kubwa ya pango, na mara nyingi kilemba juu yake, na benki hazikukopesha. Gari lilikuwa rahisi zaidi. Petra Barran alikwishaanza mwaka 2005 kwa kuuza vitamutamu vya chokoleti katika gari lake, Choc Star. Mwaka 2009 Yianni Papoutsis akaanza kukaanga baga kwenye gari aliloliita Meatwagon, na wateja wakijua lilipo kupitia Twitter. Gari hilo liliibwa mwishoni mwa 2010. Papoutsis akahamishia jiko ghorofani katika baa moja ya New Cross, foleni ikamfuata huko, na kabla ya 2011 kwisha alikuwa na mkahawa karibu na Oxford Street. Ndugu wawili, James na Thom Elliot, walinunua bajaji ya mizigo nchini Italia, wakaiendesha hadi London na kuuza piza katika soko la Berwick Street. Nao baadaye wakafungua mikahawa.

Siri yao ilikuwa upungufu wenyewe. Jiko la mita chache halina nafasi ya orodha ndefu ya vyakula, basi mpishi alichagua chakula kimoja na kukirudia mpaka kikakamilika. Siwezi kuisifu nidhamu hiyo vya kutosha. Mikahawa mingi ya bei mbaya ingefaidika nayo.

Lakini kodi haikukaa mbali. Mwaka 2009 fremu kama 20 zilizokuwa tupu katika soko la Brixton Village zilitolewa bure kwa miezi 3 ili kuvutia wajasiriamali. Wapishi walikuja, wateja wakawafuata, eneo likapata jina, na kodi ikapanda. Mwenendo huo umejirudia sehemu nyingi za jiji. Barran alianzisha KERB mwaka 2012 kuwakusanya wachuuzi katika eneo la King's Cross, na mwaka 2019 kampuni hiyo ikafungua Seven Dials Market ndani ya ghala la zamani la ndizi, Covent Garden. Mwaka huohuo kanisa la zamani la Mayfair likageuzwa ukumbi wa vibanda vya vyakula. Mvua haiwanyeshei walaji tena, ila mchuuzi hulipia paa hilo kwa kodi au kwa sehemu ya mauzo yake, na mlaji hulipa pauni 10 au zaidi kwa sahani moja.

Kwa hukumu yangu, uhodari wa wapishi hawa ni wa kweli na umelipandisha hadhi jiji ambalo zamani lilichekwa kwa chakula chake. Kisicho cha haki ni sifa kwenda kwao peke yao. Msomaji ukijaliwa kufika London, onja vya ndani ya maghala kama una uwezo, lakini tenga pesa pia kwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti, kwenye karnivali ya Notting Hill, ununue kuku kwa wanaochoma kwenye mapipa. Waulize wanavyomkolezea viungo, na uwalipe bei wanayotaja bila kuwapunja.