Vitamini A: Dalili za upungufu huanza jua linapotua

GIZA linapoanza kuingia katika mitaa ya Kibera na Kawangware, mtoto anayejikwaa kila mara kwenye vichochoro, au anayepapasa akitafuta kikombe kilicho mbele yake, huenda si mzembe. Kutoona vyema penye mwanga hafifu ni mojawapo ya dalili za mwanzo za upungufu wa vitamini A.

Vitamini hii huliwezesha jicho kuona gizani na kulihifadhia unyevu wake. Inapokosekana, jicho hukauka, madoa yenye mfano wa povu hujitokeza kwenye weupe wake, kisha kioo cha mbele hupata vidonda na hata kutoboka. Kutoona usiku hutibika. Kioo kikishatoboka, upofu huwa wa kudumu.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) limekadiria kuwa watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kutokana na upungufu huo, na nusu yao hufariki katika muda wa miezi 12, kwa kuwa mwili hushindwa kukabiliana na maradhi kama surua na kuhara.

Kinga haiko mbali. Sukuma wiki, mchicha na managu huuzwa karibu kila kibanda mitaani humo. Hata hivyo, mboga hizo zahitaji mafuta kidogo ili mwili ufyonze vitamini hiyo. Karoti, papai, maembe, mayai, ini na maziwa pia huwa nayo.

Tangu 2012, sheria ya Kenya inawataka watengenezaji kuongeza vitamini A katika mafuta ya kupikia na unga uliopakiwa. Unga unaosagwa mtaani na kupimwa kwa gorogoro kwa kawaida hauongezwi chochote.

Kwa sababu hiyo, mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, bila malipo, katika vituo vya afya vya umma. Wazazi wengi huacha kwenda kliniki baada ya chanjo ya pili ya surua, mtoto akiwa na miezi 18, ilhali bado amebakiza dozi kadhaa.

Dozi hiyo haifai kununuliwa na kutolewa kiholela, kwani ikizidi hudhuru, hasa kwa mama mjamzito. Mtoto anayeshukiwa kutoona jioni apelekwe kituoni siku hiyo hiyo au kesho yake.