Kanisa la Ikulu na Kura ya 2010

Tangu Julai 2025, habari za kanisa linalojengwa Ikulu ya Nairobi zilipotoka, wengi wenu hapa Elgon View mmeniuliza: Mchungaji, ubaya uko wapi? Rais amesema alikuta pale kanisa la mabati, na kwamba hili anajenga kwa pesa zake.

Nawarudisha 2010. Nilikuwa kijana tu, na makanisa yetu yalisema LA kwa rasimu ya katiba. Sababu moja ilikuwa uavyaji mimba. Nyingine ilikuwa mahakama za Kadhi (ambazo, tusisahau, zilikuwa tayari kwenye katiba ya uhuru). Tulihubiri kwamba serikali isibebe dini ya mtu yeyote. Ruto mwenyewe aliongoza kambi hiyo nyekundu, na Uasin Gishu tukamfuata. Tarehe 4 Agosti tukashindwa. Lakini kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na hicho hatukuwa na shida nacho!

Leo uwanja ni wa umma na jengo ni la imani yetu. Naipenda nyumba ya Mungu. Lakini kama pale Ikulu ungekuwa unajengwa msikiti, mimi ningekuwa wa kwanza kuitisha kesha.