Kwa nini uyoga wa kifungo hufunikwa kwa udongo na wa mamama haufunikwi

Ndugu mkulima, swali ninaloulizwa mara kwa mara kuhusu uyoga ni hili: "Je, nifunike kwa udongo?" Jibu linategemea aina uliyonayo, na sababu yake ni ya zamani sana. Ukiijua historia hii fupi, utaokoa mbegu na fedha zako.

Tuanzie Paris, Ufaransa. Wakulima wa bustani huko walitumia samadi ya farasi kwa sababu inapooza hutoa joto, na samadi iliyopoa ikawa inachipua uyoga mweupe wa duara. Mwaka 1707 mtaalamu wa mimea Joseph Pitton de Tournefort aliieleza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa jinsi uyoga huo ulivyolimwa kwenye matuta ya samadi yaliyofunikwa kwa udongo. Huo ndio uyoga wa kifungo tunaouona leo kwenye makopo dukani.

Katika karne ya 19 kilimo hicho kiliingia chini ya ardhi, kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa, ambako ubaridi haubadiliki sana mwaka mzima. Huko wakulima walikusanya vipande vya mawe, wakavisaga, wakavichekecha, wakavilowanisha, kisha wakafunikia matuta yao. Uyoga ulitoka vizuri.

Hebu tafakari hapo. Unga wa mawe hauna chakula. Kumbe kifuniko si mbolea! Chakula cha uyoga kimo kwenye samadi iliyo chini. Kazi ya kifuniko ni kutunza unyevu na kuwa makazi ya bakteria fulani. Mwaka 1969 watafiti wa Uingereza, Hayes, Randle na Last, walieleza kuwa bakteria wa kwenye kifuniko ndio wanaousukuma uyoga wa kifungo kuanza kutoa vichwa.

Uyoga wa mamama una historia tofauti. Kwa asili huota kwenye magogo na visiki msituni. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mjerumani Richard Falck aliandika kuhusu kuupanda kwenye visiki. Baadaye watu wakahamia kwenye maranda na mabua. Uyoga huu unaweza kula mti na mabua makavu moja kwa moja, bila kusubiri yaoze kuwa mboji, na hutoa vichwa pembeni mwa gogo au mfuko bila kufunikwa.

Sasa twende bandani kwako.

Kama unalima mamama, usiweke udongo. Udongo huleta ukungu wa kijani na wadudu, na uyoga wenye mchanga mnunuzi ataukataa. Katakata mabua ya mpunga, ngano au maharage, yaloweke, yachemshe kwenye pipa, kisha yachuje na kuyapoza kabla ya kupanda mbegu. Minya kiganja kimoja: yakitoka matone machache tu, unyevu unatosha. Maji yakitiririka, subiri yachuje zaidi.

Kama unalima wa kifungo, andaa kwanza mboji ya samadi na mabua. Subiri utandu mweupe uenee kote, ndipo ufunike kwa unene wa sentimita 3 hadi 5. Tumia udongo usio na mbolea, unaoshika maji bila kugandamana, uliochanganywa na chokaa ya kilimo. Upashe mvuke wa nyuzi joto 60 hivi ili kuua wadudu, lakini usiuunguze, maana unawahitaji wale bakteria wazuri. Mwagilia kidogo kidogo. Maji yasishuke hadi kwenye mboji. Kumbuka pia kwamba uyoga huu unataka ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18 wakati wa kutoa vichwa. Kama eneo lako ni la joto, mamama itakufaa zaidi.

Nawe mfanyabiashara, usinunue mbegu kwa jina la "uyoga" tu. Uliza ni aina gani, kisha umweleze mteja wako. Mkulima anayefuata maelekezo ya kifungo kwa mbegu ya mamama atapata hasara, na msimu ujao hatarudi dukani kwako.