Kadi ya sikoseli ya mtoto: jinsi simu inavyoweza kusaidia mama na baba kuelewa majibu

Mama ameketi kwenye benchi la kliniki, mtoto yuko mgongoni. Mkononi ana kadi yenye herufi mbili: SS. Muuguzi amemweleza kwa dakika chache, na foleni bado ni ndefu. Baba wa mtoto yuko machimboni Nyarugusu, na hii ni wiki ya tatu hajarudi nyumbani. Mama anampigia simu: "Wamesema mtoto ana ugonjwa wa damu, wa kurithi." Salio linakwisha, simu inakatika. Baba anabaki na swali moja: umetoka kwa nani?

Huo ni mfano tu, lakini familia nyingi za Shinyanga na Geita zinaishi hivyo, mama nyumbani na baba machimboni. Swali hilo la "umetoka kwa nani" lisipojibiwa vizuri, ndoa inaweza kuvunjika na mtoto akakosa dawa. Katika makala haya tunaeleza herufi za kadi zina maana gani, na jinsi simu hiyohiyo iliyopeleka nusu ya habari inavyoweza kupeleka habari kamili.

Kwa nini Kanda ya Ziwa

Sikoseli, au selimundu, ni ugonjwa wa chembe nyekundu za damu. Chembe ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini hubadilika zikawa ngumu na kujipinda kama mundu. Huziba mishipa midogo na hufa mapema, na mtoto hupata maumivu makali na upungufu wa damu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa imeguswa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ulipima matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kanda hii, katika maabara ya Hospitali ya Bugando, Mwanza. Karibu mtoto 1 kati ya 5 alikuwa na vinasaba vya sikoseli bila ugonjwa, na karibu mtoto 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe.

Sababu kubwa ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha sikoseli analindwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na mbu wengi kwa vizazi vingi, wenye kinasaba hicho walisalimika wakazaa. Kwa hiyo tumekirithi kutoka kwa wazee waliopona malaria. Hakihusiani na laana, kurogwa, wala mwenendo wa mama.

Herufi za kwenye kadi

Kila mtoto hupokea vinasaba viwili vya himoglobini, kimoja kutoka kwa mama na kimoja kutoka kwa baba. A ni cha kawaida, S ni cha sikoseli.

AA: mtoto hana sikoseli.
AS: ana kinasaba kimoja. Huyu si mgonjwa, na kwa kawaida hahitaji dawa. Ila akikua anaweza kumrithisha mtoto wake.
SS: amepokea S kutoka pande zote mbili. Huyu ana ugonjwa wa sikoseli na anahitaji kliniki.

Kadi ya mtoto mchanga inaweza pia kuwa na herufi F. Hiyo ni himoglobini ya tumboni, ambayo kila mtoto huzaliwa nayo. Kadi ikisema FS, usisubiri aumwe. F humkinga miezi ya mwanzo, kisha hupungua, na dalili nyingi huanza baada ya miezi sita. Rudi kliniki upesi upewe kipimo cha kuthibitisha.

Jaribu kwa dengu na choroko

Maelezo ya mdomo yakishindikana, chukua vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Weka dengu moja na choroko moja katika kila kikombe. Dengu ni A, choroko ni S. Wazazi wote wawili hapa ni AS, wazima kabisa. Fumba macho, chota punje moja kila kikombe. Punje hizo mbili ndizo mtoto. Andika jibu, rudisha punje kila moja kwenye kikombe chake, rudia mara ishirini.

Utaona choroko mbili zikitoka mara chache, dengu mbili mara chache, na mchanganyiko mara nyingi. Kwa kila mimba, nafasi ya mtoto wa SS ni 1 kati ya 4. Vikombe havikumbuki mchoto uliopita. Kupata mtoto mmoja wa SS hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa salama, wala kwamba wote watakuwa wagonjwa.

La muhimu zaidi, choroko mbili haziwezi kutoka kikombe kimoja. Baba akiuliza "umetoka kwa nani", jibu ni kwamba kwa kawaida umetoka kwetu sote wawili, nusu kwa nusu, na hakuna aliyejua.

Simu inasaidia wapi

Kwanza, kupiga simu mkiwa kliniki. Mama anaweza kumwomba muuguzi waongee na baba kwa spika, chumbani, kabla hajaondoka. Baba anauliza maswali yake kwa mtaalamu, na mama habebi mzigo wa kueleza jambo alilolisikia mara moja. Hili linawezekana hata kwa kitochi.

Pili, ujumbe wa sauti. Maelezo ya kliniki husahaulika njiani. Muuguzi akikubali, mrekodi kwa dakika moja au mbili akieleza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama anakijua. Bibi asiyesoma atasikia, na baba atausikiliza tena usiku. Ujumbe mzuri unaweza kuwa hivi: "Baba, habari za kazi. Mtoto wenu ana sikoseli. Amepokea nusu kwako na nusu kwa mama yake, na ninyi wenyewe si wagonjwa. Hakuna aliyekosea. Dawa zipo, na akianza mapema anaweza kukua na kusoma. Njoo tukupime na wewe, kisha tuongee." Jina la mtoto halina haja ya kutajwa.

Tatu, picha na video fupi. Kliniki yenye simu janja au kishikwambi inaweza kuonesha chembe ya mviringo na chembe ya mundu. Mchezo wa dengu na choroko unaweza kurekodiwa mara moja na kuoneshwa kila familia.

Nne, ujumbe mfupi wa kukumbusha kliniki na dawa. Nchi yetu ina uzoefu huo. Huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012, iliwatumia wajawazito na wazazi ujumbe wa afya bila malipo. Mfumo wa m-mama, unaopeleka wajawazito na watoto wachanga hospitalini kwa simu ya dharura 115, ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchi nzima kuanzia 2022.

Simu inapoweza kudhuru

Simu nyingi vijijini ni za watu wengi. Shemeji anaifungua, jirani anachaji, mtoto anacheza nayo. Kwa hiyo ujumbe wa maandishi kutoka kliniki useme "njoo na mtoto Jumanne", usiseme "SS". Mweleze muuguzi simu ni ya nani na nani anaisoma.

Usipige picha ya kadi na kuitupa kwenye kundi la ukoo. Binti wa AS anaweza kukataliwa na wachumba kwa herufi ambazo watu hawazielewi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba na za watoto kuwa nyeti. Majibu ni ya mtoto, na wazazi wanayatunza kwa niaba yake.

Usiitumie kadi hii kumtafuta baba wa mtoto, kwa sababu hiyo si kazi yake. Majibu ya wazazi yanaweza kuonekana hayalingani na ya mtoto kwa sababu mmoja aliongezewa damu karibuni, au kipimo cha haraka kilisomwa vibaya, au mzazi ana hitilafu nyingine ya himoglobini isiyoonekana kwenye kipimo hicho. Rudini mpimwe upya kabla ya kutamka neno ambalo halirudi.

Na ukiuliza mtandaoni au kwa programu ya akili mnemba, tumia jibu kama swali la kumpelekea muuguzi. Programu haijamwona mtoto wako.

Baada ya majibu ya SS

Bila matibabu ya mapema, wengi wa watoto hawa hufariki kabla ya miaka mitano, mara nyingi kwa maambukizi. Ndiyo maana siku za ugomvi ni siku za hatari. Kliniki humpa mtoto penisilini mara mbili kwa siku kuanzia karibu miezi mitatu hadi miaka mitano, pamoja na foliki asidi, kinga ya malaria na chanjo zote kwa wakati. Alale kwenye chandarua, anywe maji ya kutosha, asipigwe na baridi.

Ipo pia dawa ya haidroksiurea. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola na kuchapishwa 2019 ulionesha kuwa inapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Hutolewa na kufuatiliwa na daktari. Muulize kuhusu dawa hiyo, au akuandikie rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Bugando.

Mpeleke hospitali upesi mtoto mwenye homa, anayepauka ghafla, anayepumua kwa shida, aliyevimba vidole, aliyelegea upande mmoja, au ambaye bandama imevimba upande wa kushoto wa tumbo. Asichanjwe chale.

Kabla ya kuondoka kliniki, mama, hakikisha una vitu vitatu: kadi, tarehe ya kurudi, na sauti ya muuguzi ndani ya simu. Nawe baba uliye Rwamagasa, Mgusu au Mwakitolyo, simu ikilia mchana usiikate. Panda juu ya duara, tafuta mtandao, sikiliza mpaka mwisho. Kisha uliza swali la pili, ambalo mtoto analihitaji zaidi: tunaanza dawa lini?