Ua wa Bibi na Safari ya Boriti

Mwezi uliopita nilikuwa Tongoni kwa bibi. Kwa usiyepajua, ni kijiji cha pwani kusini mwa jiji la Tanga. Tongo ni mahame, mahali palipoachwa na watu. Wageni huja kutazama magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na 15. Mimi safari hii nilikwenda kutazama ua!

Ua wenyewe ni wa boriti za mkandaa, alizozisimamisha marehemu babu. Umepauka, rangi ya jivu tupu. Kaka yangu akasema ung'olewe, tujenge ukuta wa matofali ya saruji. Bibi akajibu kwa upole: "Mwanangu, ukiung'oa huo, nami nihamishe." Mjadala ukafungwa.

Sasa, ndugu msomaji, usiidharau boriti. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Oman na Ghuba, yakarudi na kusi yamesheheni miti ya mikoko. Ilihesabiwa kwa korija, yaani 20 kwa 20. Kule jangwani miti ya kuezekea ilikuwa adimu, hivyo dari za nyumba nyingi za Kuwait na Bahrain zilibebwa na boriti zetu. Hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe, huku na kule, uliamuliwa na urefu wa boriti: mara nyingi haukuzidi mita 3. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1939 hadi delta ya Rufiji kupakia miti hiyo, akayaandika aliyoyaona.

Kisha mambo yakageuka. Mafuta yakaitajirisha Ghuba, saruji na chuma vikachukua nafasi. Huku kwetu mikoko ikapungua, na mikoko ndiyo inayoshika udongo wa ufukwe. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Tanzania mikoko ni hifadhi ya serikali, huikati bila kibali. Kwa hiyo boriti kuukuu ya bibi si takataka. Ukiitupa, mbadala wake ni mti ulio hai baharini.

Basi tukaanza kazi. Kumbe ule ujivu ni wa juu juu tu: jua huvunja lignini, ile gundi ya asili ya mti, mvua ikaiosha. Ukisugua kwa brashi ya waya, ukaosha, ukaacha ikauke siku kadhaa na kupiga msasa, unakuta hudhurungi iliyokolea. Ugonjwa ulikuwa miguuni, palipogusa udongo. Hapo tukakata sehemu zilizooza.

Jirani akashauri tupake oili chafu ya magari, maana mchwa hawaipendi. Ni kweli, lakini kuku wanachakura palepale na kisima kiko karibu. Bibi akacheka: "Mafundi wa majahazi walikuwa na oili ya gari?" Akaagiza sifa kwa wavuvi, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za vyombo. Miguu tukaipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kama sehemu ya jahazi inayokaa majini. Tukaichimbia tena na kuizungushia mawe ili maji yasituame.

Harufu yake... siku tatu nililala na dirisha limefungwa! Lakini rangi ilirudi, nyekundu ya kahawia.

Ua umepungua urefu kwa sababu ya miguu tuliyokata. Kaka analalamika wapita njia wanaona ndani. Bibi anasema afadhali, sasa anawasalimia akiwa amekaa.

Je, kwenu kuna boriti za zamani? Kabla ya kuita fundi wa matofali, zikwangue kwanza uone kilichomo.