Rumatolojia na Baridi Yabisi

Mgonjwa aliyevimba vidole akiambiwa amwone rumatolojisti, mara nyingi huishia kwa daktari wa mifupa. Si ajabu. Neno lile halimwambii kitu, na kibao cha "mifupa" hospitalini anakifahamu.

Rumatolojia ni tawi la tiba ya magonjwa ya ndani linaloshughulikia maradhi ya viungo yasiyotokana na ajali: baridi yabisi, jongo, lupasi na ndugu zao. Bingwa wake hatumii kisu. Silaha zake ni dawa, vipimo vya damu na vidole vyake mwenyewe vinavyobonyeza viungo vya mgonjwa kimoja kimoja.

Mzizi wa istilahi hii ni neno la Kigiriki lenye maana ya mtiririko, kwa kuwa matabibu wa kale waliamini kuna majimaji mabaya yanayoteremka mwilini na kutuama viungoni. Kiswahili kilichukua maneno mawili ya Kiarabu, baridi na yabisi, yaani kavu. Kwa hiyo wao walilaumu maji, sisi tukalaumu ukavu, na wote hatukupatia.

Ila Mzungu wa leo hasikii tena mtiririko katika neno lake, ilhali Mswahili bado anaisikia baridi. Ndiyo maana mgonjwa huusiwa avae soksi, aache kufua alfajiri, asinywe maji ya barafu. Huku nyuma kinga ya mwili wake inaushambulia utando wa ndani wa viungo, na mfupa unaliwa taratibu.

Tumwite nani basi bingwa huyu? "Daktari wa viungo" linavutia, lakini viungo ni pia mikono na miguu, na figo inayopandikizwa nayo huitwa kiungo. Tena kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye ni mtu mwingine kabisa. Mimi nachagua "daktari bingwa wa baridi yabisi". Atakayesema kwamba anatibu na jongo pia, namkumbusha kuwa daktari wa meno hutibu na fizi. Rumatolojia ibaki vitabuni na vyuoni.

Mabingwa hawa ni wachache Afrika Mashariki, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Ukiamka na ukakamavu wa viungo unaozidi nusu saa, vifundo vidogo vya mikono yote miwili vikavimba, na hali hiyo ikapita wiki 6, usiridhike na vidonge vya maumivu. Omba rufaa, na umtaje daktari bingwa wa baridi yabisi. Ikiwa bingwa yuko mbali, mwone daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, kwa sababu dawa zinazozuia uharibifu wa viungo hufaa zaidi zikianzwa mapema.