Bunia ni ghali, lakini macho hayalipi



Mtu wa Bogoro akipanda pikipiki kwenda Bunia, safari ya kilomita karibu 25, anajua jambo moja mbele ya kufika: mji ule unakula pesa. Nauli, chakula, mahali pa kulala, vyote vinahesabiwa, na vingi vinahesabiwa kwa dola. Kwa hiyo wengi wetu tunakwenda kwa ugonjwa, kwa karatasi za ofisi au kwa msiba, kisha tunarudi haraka. Watoto wetu waliokulia kambini wanaujua mji huo kama mahali pa kukosa. Leo ninataka kusema habari ya vitu vya Bunia ambavyo havilipiwi, na kwa nini vina faida kwetu.

Kwanza, bei kali yenyewe ina historia. Mwaka wa 1903 wazungu wawili waliokuwa wakitafuta madini walikuta dhahabu upande wa Kilo. Kutoka hapo migodi ya Kilo-Moto ikazaliwa, na pesa ya dhahabu ikaingia sokoni. Tena Bunia iko mbali na bahari: sehemu kubwa ya bidhaa za dukani inatoka bandari ya Mombasa, inapita Kenya na Uganda, na kila mpaka unaongeza bei. Halafu vita vilileta askari wa Umoja wa Mataifa na mashirika mengi yenye mishahara ya dola. Kodi ya nyumba ikapanda, na haikushuka tena.

Sasa tutembee. Anza kwenye bulevari ya Libération asubuhi, jua likiwa bado dogo. Barabara hii haina mlango wala tiketi. Mwambie mtoto kwamba Mei 2003, wakati jeshi la Uganda lilipoondoka, vikundi vyenye silaha vilipigana humu mjini, na raia kwa maelfu wakakimbilia kwenye ofisi za MONUC na karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 30 ya mwezi ule Umoja wa Mataifa ulikubali jeshi la Ulaya lije. Operesheni hiyo iliitwa Artemis, na Ufaransa ndiyo iliyoiongoza. Lilikaa mpaka Septemba mosi. Watu wengi wanaouza vitunguu na nguo pembeni ya barabara leo walikuwa watoto siku zile. Ukimsalimia mama muuzaji vizuri, bila kumharibia biashara, anaweza kukupa somo ambalo shuleni halipatikani.

Ingia soko kuu hata kama hununui. Sikiliza lugha: Kihema, Kilendu, Kialur, Kibira, Kilingala, na Kiswahili kinachoziunganisha. Siku ya Mungu, nenda usikilize kwaya. Wimbo hauulizi una franga ngapi. Jioni, simama karibu na mto Shari. Maji hayo hayo, yakifika Budana, yanageuza mashine za umeme zilizojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Mtoto akiona mto na kuelewa taa inatoka wapi, hakutembea bure.

Ila angalisho: tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Beba kitambulisho, usipige picha za askari wala uwanja wa ndege, na uliza hali ya barabara mbele ya kuondoka.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote cha kuona bure hakiko Bunia, kiko kwetu. Ukipita Bogoro kuelekea Kasenyi, nchi inakatika, barabara inaanza kushuka, na Ziwa Albert linafunguka mbele yako, na milima ya Uganda ng'ambo. Desemba 1887 Stanley, akitoka katika msitu wa Ituri akiwa na watu waliochoka na njaa, alifika kwenye ukingo wa nyanda hizi na kuona ziwa hilo. Wazee wetu walikuwa wakiliangalia zamani mbele yake, na hawakuhitaji kuandika kitabu. Wakati wa Wabelgiji, wasafiri walivuka kwa meli kutoka Butiaba, Uganda, wakashuka Kasenyi, wakapanda mlima huu. Maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ya Butiaba iliharibika, na njia ile ikapoteza nguvu.

Barabara hiyo hiyo ndiyo iliyofanya Bogoro ipiganiwe. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa alfajiri, na ndugu zetu wengi, wanawake na watoto pia, waliuawa. Januari 2012 majaji wa Korti ya Kimataifa ya Jinai walitoka La Haye, wakafika Bogoro kuona kwa macho yao. Mwaka wa 2014 korti ilimhukumu Germain Katanga miaka 12. Mathieu Ngudjolo alikuwa ameachiliwa mwaka wa 2012. Mwaka wa 2017 ikaamuliwa wahanga 297 wapewe kila mmoja dola 250 kama ishara, pamoja na msaada wa nyumba, masomo, kazi za kuleta kipato na kutuliza moyo. Katika Bunia dola 250 hazikai siku nyingi. Kuona na kusimulia kunakaa.

Angalieni: majaji, pamoja na karatasi zao zote, waliona ni lazima wafike. Basi sisi tutawaacha watoto wetu wasikie Bogoro kwa maneno tu?

Siku njia ikiwa salama, mpelekeni mtoto mpaka pale barabara inapoanza kushuka. Mwonyesheni ziwa, mwonyesheni nyumba ya babu yake ilikuwa wapi. Na ninyi ambao bado hamwezi kurudi, anzeni na bulevari na mto Shari. Wazee wanaokumbuka meli za Kasenyi, tuleteeni habari zenu. Tutazisoma hapa, bila malipo.